Ukifika, Piga

Kama kuna mtu kijiji kizima cha Qurus, huku Karatu, aliyejiona mwenyeji wa Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro, ni mzee Kornelio. Tangu ujana wake hadi alipostaafu alikuwa dereva wa watalii, na wageni aliowapokea pale akawashusha kreta ya Ngorongoro hawana idadi. Alikuwa anasimama na kibao chenye jina la mgeni, mgeni anatokea macho yamemvimba kwa usingizi, Kornelio anapokea begi, anatabasamu, kisha anauliza kwa Kiingereza chake cha kazini: "Hau woz yo flait?" Mgeni akifungua mdomo kujibu, yeye ameshampa mgongo anaelekea kwenye Landikruza. Ukisema umsikilize kila mgeni, Karatu utafika lini? Na Kornelio hakuwa mtu wa kuchelewa. Sifa hiyo aliitembeza kila mahali, mpaka watu wakaichoka.

Ila mlango wa kuondokea, jamani, huo hakuwahi kuujua. Wageni wa kurudi kwao alikuwa anawashusha nje, anapokea tipu yake, huyoo anaondoka. Sasa Alhamisi hiyo ya Julai alikuwa amesimama mbele ya mlango wenyewe, kofia mkononi, na mlinzi kijana amemnyooshea kiganja.

"Wasafiri tu, mzee."

"Kijana, unanijua mimi?"

"Sikujui, mzee. Shikamoo. Lakini ni wasafiri tu."

Martini, rafiki yake na dereva mwenzake wa zamani, ambaye ndiye aliyewaleta kwa gari lake, akamvuta shati. "Achana naye, bwana. Mtoto wa watu yuko kazini."

Ng'ambo ya vioo alionekana Rozalia, mke wa Kornelio, akibishana na mizani. Hakuwahi kupanda ndege maishani. Leo alikuwa anakwenda Vankuva, Kanada, kwa binti yao Aneth, ambaye alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Aneth na mumewe Noel walikuwa wametuma tiketi, maana mtoto wa kike akizaa anamtaka mama yake: wa kumkanda, wa kumwogesha mtoto, wa kumpikia uji. Kwa hiyo begi la Rozalia lilikuwa limejaa uji. Unga wa mtama, ulezi na karanga, ameuchambua mwenyewe, ameusaga mwenyewe, ameufunga kwenye mfuko mkubwa uliojaza begi zima.

Mara wakamwona anarudi kuelekea mlangoni, amevaa masweta mawili juu ya gauni na shuka juu ya masweta, jasho linamtoka, mfuko wa unga kifuani.

"Baba John," alisema, na sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Wanasema begi limezidi. Nimevaa kila kitu na bado limezidi. Wamenifungulisha pale chini, magagulo yangu yote yameonwa na foleni nzima. Shika huu unga."

"Unga? Sasa utampikia nini mtoto?"

"Sijui. Shika."

Mlinzi akaupitisha mfuko, Kornelio akaukumbatia kwa mikono miwili. Rozalia hakuondoka. Alimtazama mumewe, akasogeza uso karibu na pengo la mlango.

"Baba John, kuna kitu sikukwambia. Kule Doha..."

"Najua, najua. Doha unabadilisha ndege. Saa kumi na nane, tumeongeza moja ya kubadilisha. Hesabu nimeshaipiga, wewe usiwe na wasiwasi."

"Siyo hivyo. Mimi nilitaka..."

"Mama, unazuia mlango," mlinzi alisema, si kwa ubaya.

Na kwa bahati mbaya madereva wawili vijana waliomfahamu Kornelio walikuwa wanapita wakati huohuo. Mzee akajinyoosha. Alitamani kumshika mkewe mkono, Mungu ndiye shahidi, lakini mikono ilikuwa na unga, na macho ya watu yalikuwa pale.

"Ukifika, piga," alisema.

Rozalia akaitikia kwa kichwa, akageuka, akapotelea ndani na shuka lake.

*

Sasa niwaeleze hiyo hesabu ilitoka wapi, maana ndiyo iliyotuletea balaa lote.

Wiki moja kabla ya safari, Martini alikaa na Kornelio kwenye benchi nje ya nyumba, akavaa miwani, akaandika kwenye simu yake majina ya viwanja viwili, cha Kilimanjaro na cha Vankuva. Simu ikajibu palepale, bila hata kufikiri. Umbali wa angani, kilomita elfu kumi na nne na mia tano na kitu. Muda wa kuruka, saa kumi na nane. Kulikuwa na ramani pia, na mstari mmoja uliopinda vizuri kutoka Tanzania mpaka kule juu kwa Wazungu, hauna kona wala kituo.

"Umeona?" Kornelio alisema. "Mstari mmoja tu."

"Lakini si anashuka Doha?"

"Anashuka anapanda! Kama wewe unavyobadilisha basi Makuyuni. Weka saa moja ya kushuka na kupanda. Kumi na tisa."

Basi ikawa kumi na tisa. Hakuna aliyewaambia wazee hawa kwamba ule ulikuwa mstari wa karatasini, kwamba ndege ya kuruka hivyo moja kwa moja haipo, na kwamba tiketi ya bei nafuu humlaza mtu kwenye kiwanja cha ugenini akasubiri hadi asahau alikuwa anakwenda wapi. Kornelio alimtangazia kila mtu. Aliwaambia kanisani, akawaambia kwenye mashine ya kusaga, akamwambia na Mama Eliamani wa dukani, Mchaga wa Machame asiyesahau neno: "Anaruka Alhamisi saa tisa mchana. Ijumaa saa nne asubuhi anakanyaga Kanada." Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayekwenda kumpokea yeye mwenyewe.

*

Ijumaa ilipambazuka na ukungu na ule upepo wa Julai unaopenya mpaka kwenye mifupa. Kornelio alinyoa ndevu. Akavaa shati la kanisani. Akaiweka simu kwenye dirisha la sebule, mahali pekee pa nyumba panaposhika mtandao vizuri, akavuta kiti akakaa mbele yake.

Saa nne ikafika. Simu kimya.

"Baba, chai inapoa," alisema Esta. Esta ni mke wa John, mtoto wao mkubwa. John mwenyewe alikuwa bondeni Baray kwenye shamba la vitunguu, na mkewe anaishi hapohapo kwa wakwe.

"Iache ipoe."

Saa tano. Alimpigia Aneth. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Akampigia Noel, ikaita vilevile. Akapiga namba ya Rozalia, mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwa adabu kubwa kwamba mteja hapatikani. Alirudia mpaka bando likaisha, akaenda dukani kununua jingine.

"Mama John amefika salama?" aliuliza Mama Eliamani.

"Hajapiga bado."

"Hajapiga! Si ulisema saa nne?"

"Nilisema."

"Na Aneth?"

"Hapokei."

"Na mume wake?"

"Hapokei pia."

Mama Eliamani alimpa vocha na kumwangalia kwa huruma, na ile huruma ikamwingia Kornelio vibaya kuliko maneno. Watu watatu, simu tatu, hakuna hata mmoja anayepokea?

Mnapaswa kuelewa kazi ilivyomlea mzee huyu. Kule kreta, jioni ikifika kila gari linatakiwa liwe limeshapanda juu kabla geti halijafungwa. Gari likikosekana, hakuna mtu anayekaa kusema eti limechelewa. Redio zinaanza kuita, askari wanawasha taa, watu wanashuka kulitafuta. Mara mbili katika kazi yake Kornelio alishuka na watafutaji. Mara ya kwanza walikuta gari limekwama kwenye tope na Wajerumani wanaimba. Mara ya pili hawakukuta mtu anayeimba. Kwake yeye saa ikipita hakuna subira tena, ni kutafuta.

Kwa hiyo alipanda bodaboda, akaenda Karatu mjini, kwenye ofisi ya kampuni yake ya zamani.

Mapokezi alikuwapo binti mmoja anaitwa Jackline, kucha ndefu, uso wa kupendeza. Hakumjua. Picha ya madereva wa zamani ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na Kornelio alikuwa ndani ya picha hiyo, wa pili kutoka kushoto, lakini nani ana muda wa kugeuka?

"Shikamoo mzee. Karibu. Unauza?"

"Marahaba. Siuzi kitu, mwanangu. Nimefanya kazi hapa. Nataka unitazamie ndege."

"Ndege gani? Namba yake?"

Namba! Kornelio akapapasa mfuko wa shati utadhani namba imo humo. Tiketi ilikuwa kwenye simu ya Rozalia, na Rozalia alikuwa ndani ya ndege.

"Sina namba. Ni ya kwenda Kanada. Mke wangu amepanda jana."

"Kanada hakuna ndege ya moja kwa moja, mzee wangu. Kaa hapo kidogo nitakuangalizia, ngoja kwanza nimalizane na hawa." Wageni sita walikuwa wameingia na mabegi yao, wakataka choo, wakataka kubadili hoteli, wakataka kujua kama tembo huogelea. Kornelio alikaa kwenye benchi. Dereva mmoja akampa kikombe cha maji bila kumtazama usoni. Mwingine akamwomba asogeze miguu mabegi yapite. Yeye aliyekuwa anaingia ofisi ile bila kubisha hodi! Akasimama, akavaa kofia, akatoka.

Angevumilia kidogo tu, Jackline alikuwa ameshaanza kumfungulia kompyuta. Lakini aibu nayo ina miguu yake.

*

Aliporudi Qurus alikuta bodaboda tatu nje ya boma lake. Ndani kulikuwa na watu. Wanawake wa jumuiya wamekaa kwenye mikeka, wamejifunika khanga mabegani. Vijana wawili walikuwa wanafunga turubai la parokia kwenye mti wa mgrevilea. Kuni zilikuwa zimeshushwa, galoni la maziwa lilikuwa limeshushwa, na katekista Wilson alikuwa anakuja kumpokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Nani amewaita?" Kornelio aliuliza.

"Hakuna aliyetuita, mzee. Tumesikia tu hujapata simu. Tukasema tusikuache peke yako."

"Na turubai?"

Katekista akakohoa. "Turubai ni kwa ajili ya upepo."

"Upepo," alisema Kornelio.

Mama Eliamani alikuwa ameleta kilo tano za sukari. Yeye ni Mlutheri, na rozari haijui, lakini alikaa katikati ya Wakatoliki akifuata midomo yao. Hakuna hata mmoja aliyetamka lile neno. Walisema "Mungu ni mwema," walisema "tuendelee kuomba," walisema "ndege siku hizi ni imara sana," na kila aliyesema hivyo alimalizia kwa kushusha pumzi. Jikoni Esta alikuwa analia huku anakoroga sufuria kubwa.

"Unapika nini?"

"Uji, Baba. Watu wamekuja na baridi hii na unga wa ugali hautoshi. Nimechukua ule mfuko uliorudi nao jana."

Kornelio alitazama ndani ya sufuria. Ulikuwa unachemka polepole, mwekundu, unanukia karanga. Unga wa Rozalia. Akakaa kwenye kigoda kidogo cha kukamulia, kigoda cha mkewe, ambacho katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kifupi mno. Magoti yakamfika kifuani.

Martini alimkuta pale. Akachuchumaa kando yake, na magoti yakalia kwa uzee.

"Ni mimi niliyeandika kwenye simu," alisema Martini. "Nilaumu mimi."

"Martini, jana alitaka kuniambia kitu pale mlangoni."

"Kitu gani?"

"Sijui! Si nilimkata! Nilimwambia najua. Mwanamke anasema, 'kuna kitu sikukwambia,' mimi najibu najua." Alijifuta uso kwa kofia. "Wewe unajua nimewauliza Wazungu wangapi safari yao ilikuwaje? Watu nisiowajua, baba zao siwajui. Huyu ametoka nyumbani kwa baba yake akaja kwangu na sanduku kichwani, kwa mguu, kutoka Kansay. Amekwenda hospitali kuzaa amening'inia nyuma ya trekta. Amekwenda Mbulu kumzika mama yake mimi niko kreta na wageni, akarudi peke yake. Sijawahi kumuuliza hata siku moja. Hata siku moja, Martini! Safari ilikuwaje, mama, umechoka? Hapana. Nilikuwa namuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji."

Martini akaanza kuchochea kuni, kwa sababu na yeye alikuwa na mke nyumbani.

"Nampenda yule mwanamke," alisema Kornelio, kwa sauti kubwa, na Esta aliyekuwa ameshika mwiko akageuka ukutani. "Nampenda, na nimempa unga aondoke nao... hapana, hata unga sikumpa, nimeuchukua."

Nje katekista alikuwa anaanzisha fungu la pili la rozari, matendo ya uchungu.

*

Saa kumi na moja jioni simu ikalia.

Ililia kule dirishani, na watu wote chini ya turubai wakanyamaza kwa pamoja. Kornelio alitoka jikoni mbio, akajikwaa kwenye kuni, akaipata. Namba ilikuwa ndefu, ya nchi asiyoijua. Akagusa kila kitu isipokuwa pa kupokelea, mpaka katekista akamsaidia kubonyeza, na katika kubonyeza huko akaweka na spika.

"Haloo?"

"Haloo, hapo ni kwa mzee Kornelio?" Sauti ya binti, Kiswahili cha Nairobi. "Ngoja, kuna mama mmoja hapa anataka kuongea na wewe. Mama, ongea tu, ongea hapa."

Halafu: "Baba John? Ng'ombe wamekamuliwa?"

Mwanamke mmoja chini ya turubai alipiga kelele, mwingine akaangusha rozari.

"Baba John! Unanisikia?"

"Mama John. Uko hai?"

"Niko hai, kwani nini? Niko Doha."

"Doha! Mpaka sasa? Unafanya nini Doha?"

"Si nakaa! Nimekaa tangu jana usiku. Ndege yangu ni leo saa sita usiku, halafu nashuka tena sehemu nyingine, halafu ndiyo Kanada. Hicho ndicho nilichotaka kukwambia jana, ukasema unajua."

"Lakini kwa nini hukupiga simu?"

"Ulisema nikifika nipige. Sasa nimefika wapi? Sijafika. Na laini yangu huku imekufa. Huyu binti Mkenya anafanya usafi hapa, ndiye ameniona nimekaa kiti kimoja na masweta yangu, akaniuliza kama watu wangu wana habari zangu. Nikamwambia mume wangu ana akili, anajua safari za ndege. Akasema, mama, piga tu."

Mama Eliamani alianza kucheka kimyakimya, mabega yanamtikisika.

"Kwa nini ulinificha?" Kornelio aliuliza. "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo ni safari ya siku mbili?"

"Ningekuambia ungemuuza yule mtamba wetu uongeze hela ya tiketi."

"Ningemuuza, ndiyo! Ukae kwenye kiti siku nzima kwa sababu ya ng'ombe?"

"Ndiyo sababu sikukuambia. Aneth aliniuliza, mama, tiketi rahisi ni ya kusubiri sana, utaweza? Nikamwambia mimi nimesubiri mvua ya Karatu maisha yangu yote, nitashindwa kiwanja chenye paa?" Akasikiliza kidogo. "Baba John, hao ni nani nawasikia? Mbona kama watu wengi?"

Kornelio aliangalia turubai. Aliangalia katekista, aliangalia vikombe.

"Ni jumuiya."

"Wamefuata nini? Nani amekufa?"

Hapa hata katekista aliangalia chini.

"Wewe," alisema Kornelio.

Upande wa pili kikasikika kicheko. Kilianza kidogo kikaja kikubwa, cha Rozalia mwenyewe, kile cha kujipiga mapaja, na yule binti wa Nairobi akasikika akiuliza, "Mama, nini? Nini?" Boma zima likalipuka. Watu waliokuwa wanaomboleza bila kukiri walicheka mpaka wakashika miti.

"Na mnakunywa nini kwenye msiba wangu?" Rozalia aliuliza alipopata pumzi.

"Uji."

"Uji gani?"

"Ule unga wako."

"Baba John! Umewapa watu uji wa mzazi?"

"Mama John," alisema. Angeweza kuondoa spika. Hakujua namna, na hata angejua nadhani uchungu wa mchana ule usingemruhusu. "Mama John, sikiliza. Nilikuwa mjinga jana. Ukirudi utaniambia yote. Nimekaa kwenye kigoda chako leo. Kinaumiza mgongo, kumbe."

"Kinaumiza," alisema Rozalia, kwa sauti ndogo. "Sasa kamua ng'ombe. Simu ya mtoto wa watu inaisha chaji."

*

Watu walikuwa bado wanafuta machozi ya kucheka wakati simu ilipolia tena, mlio mfupi. Ilikuwa picha kutoka kwa Noel. Kule kwao ndiyo kwanza kulikuwa kumekucha. Kitu chekundu kimefungwa kwenye blanketi, ngumi moja nje, macho yamefumbwa kwa hasira. Chini yake maneno: *Baba, tusamehe hatukupokea, tulikuwa hospitali tangu jana na simu zilikuwa kwenye begi. Ni wa kike. Aneth mzima. Amewahi kabla ya bibi yake.*

Katekista aliyasoma kwa sauti. Vigelegele vilipanda mpaka ng'ombe wakaacha kula. Mama Eliamani akainua kikombe chake. "Basi huu uji haukukosewa," alisema. "Mama amejifungua, na sisi tumekunywa uji wake. Esta, mwanangu, bado upo?" Ulikuwapo. Wakaunywa wote, mara hii kwa raha, na turubai likabaki hadi kesho yake kwa sababu ya upepo.

Kornelio alipiga ile namba ya Doha. Yule binti akapokea anakimbia, unamsikia viatu. "Mama! Mzee wako tena!"

"Nini tena?" Rozalia aliuliza kwa hofu.

"Umechelewa," Kornelio alimwambia. "Mgeni amekutangulia. Ni wa kike, na mama yake mzima. Umekuwa bibi umekaa hapo kwenye kiti."

Akamsikia analia. Safari hii hakukata, wala hakusema anajua. Alikaa na simu sikioni mpaka chaji ya mtoto wa watu ikaisha kweli.

*

Rozalia alirudi mvua za vuli zikianza. Kwenye mlango wa kutokea wageni walikuwa wamepangana madereva, mashati yamepigwa pasi, kila mmoja na kibao chake chenye jina la kigeni. Katikati yao alisimama mzee mmoja mwenye shati la kanisani, na kipande cha boksi alichokiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: ROZALIA. Tangu walipozaa John hakuwa amemwita kwa jina hilo.

"Mzee Kornelio, umerudi kazini?" kijana mmoja alimtania. "Mgeni wa kampuni gani huyo?"

"Wa kwangu."

Akatokea, macho yamemvimba, shuka lilelile mabegani, masweta mawili mkononi. Alikiona kibao, akasimama katikati ya njia watu wakimpita huku na huku, akaweka kiganja mdomoni. Kornelio akamfuata, akapokea begi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, mbele ya madereva wote, akamshika mkono mkewe.

"Hau woz yo flait?" alimuuliza.

"Ndiyo nini?"

"Nakuuliza safari ilikuwaje. Umechoka?"

"Wee! Ni habari ndefu, hiyo."

"Nieleze."

Walipanda gari la Martini, Kornelio kwenye usukani, wao wawili tu. Rozalia alianza na mizani, akaja kwenye magagulo yaliyoonwa na foleni, akaja kwenye mkanda wa kiti uliomshinda kufunga, chakula kilichofunikwa kwa karatasi ya bati, mawingu yaliyo chini badala ya juu. Kornelio aliuliza, akashangaa, akauliza tena. Makuyuni ikapita. Walipofika Mto wa Mbu, na mlima wa kupanda kwenda Karatu umesimama mbele yao, Rozalia alikuwa bado hajatoka Doha.

Kornelio akapunguza mwendo.